Saa ya Umeme na Alama Nyekundu



Juma hili nawaalika tutazame kitu cha ukutani ambacho wengi wetu hatukitupii jicho ila tunapochelewa, nacho ni saa. Wala simaanishi saa ya mnarani au ya mkononi, bali ile saa ya umeme ya zamani, yenye waya na plagi, iliyokaa juu ya makabati ya jikoni huko Ulaya na Marekani hasa kati ya miaka ya 1920 na 1960. Siku hizi wapo watu wengi wanaozitafuta saa hizo katika minada na maduka ya vitu vikuukuu, wakazifungua, wakazisafisha na kuzirudishia uhai. Mtu anaweza kuuliza: kuna faida gani kukusanya saa kuukuu, wakati simu ya mfukoni inaonyesha wakati kwa usahihi zaidi? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba ndani ya saa hizi mna historia ambayo Mkristo akiisikia ataona mengi ya kwake, na tena mwanzoni kabisa mwa historia hiyo yupo padre.

Padre huyo ni Giuseppe Zamboni, aliyezaliwa mwaka 1776 karibu na Verona, kaskazini mwa Italia, akawa mwalimu wa fizikia mjini humo. Mwaka 1800 Alessandro Volta, Mtaliano na Mkatoliki mwenzake, alikuwa ameutangazia ulimwengu betri ya kwanza: visahani vya metali vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na katikati vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Betri ile ilikuwa na nguvu, lakini ilikauka na kuharibika upesi. Mwaka 1812 Padre Zamboni akatengeneza betri kavu. Alichukua maelfu ya visahani vya karatasi, upande mmoja vikiwa na metali nyembamba kama ngozi ya kitunguu, upande wa pili vimepakwa unga wenye manganizi, akavibana pamoja. Nguvu ya betri hiyo ni ndogo mno, haiwezi kuwasha taa yoyote, lakini hudumu miaka na miaka.

Mwaka 1815 aliitumia betri yake kubembeza pendulamu, yaani ule uzito unaoning'inia ndani ya saa za kale. Nguzo moja ya betri iliuvuta, kisha ikausukuma kwenda nguzo ya pili, nayo ikaurudisha. Na hivyo padre akawa na saa inayokwenda kwa umeme. Karibu na wakati huohuo Francis Ronalds wa London alitengeneza chombo cha namna hiyo. Saa hizo hazikushika wakati vizuri, kwa kuwa betri kavu huathiriwa na joto na unyevu wa hewa. Hata hivyo uvumilivu wake ni wa kushangaza. Katika chuo kikuu cha Oxford kuna kengele mbili ndogo zinazogongwa kwa nguvu ya betri kavu za jamii hiyo. Zilinunuliwa na Robert Walker, mchungaji wa Kianglikana aliyekuwa pia mwanafizikia, zikaanza kufanya kazi mwaka 1840, na zingali zinagongwa hadi leo nyuma ya kioo, kwa sauti ndogo hata apitaye mbele yake haisikii.

Mwaka huohuo wa 1840 kulikuwa na kijana Mskoti jijini London aliyeitwa Alexander Bain. Alikuwa mtoto wa mkulima maskini wa Watten, kaskazini kabisa mwa Uskoti, mmoja kati ya watoto 13, akajifunza ufundi saa katika mji mdogo wa Wick. Bain alibuni saa ambayo pendulamu yake ilisukumwa na sumaku ya umeme, na umeme wenyewe aliupata kwa kuzika ardhini, penye unyevu, bamba la zinki na bamba la shaba. Akiwa hana fedha, alikwenda kumwonyesha kazi yake Profesa Charles Wheatstone, bingwa wa telegrafu. Kwa maelezo ya Bain, profesa alimwambia asijisumbue, maana jambo lile halina mbele wala nyuma. Miezi michache baadaye Wheatstone akasimama mbele ya wanasayansi wa Royal Society kuonyesha saa ya umeme kama yake mwenyewe.

Bahati njema Bain alikuwa ameshaomba hataza, nayo ilitolewa mwaka 1841. Baadaye Bunge la Uingereza lilipojadili kampuni ya telegrafu iliyohusiana na Wheatstone, fundi huyu aliitwa mbele ya mabwana wakubwa kutoa ushahidi, na kampuni ikalazimika kumlipa. Ningependa kusema kwamba aliishi kwa raha tangu hapo, lakini sivyo ilivyokuwa. Kesi nyingine na biashara mbovu zilimla fedha, akafa mwaka 1877 akiwa na kidogo sana. Wakusanyaji wanaoipata saa ya Bain leo huihesabu kuwa hazina, na bei yake ingetosha kumtunza mwenye jina lililoandikwa usoni pake hadi uzee wake.

Lakini saa za Bain, na nyingine nyingi za betri zilizozifuata, zilikuwa bado saa kamili: kila moja ilibeba pendulamu yake na kipimo chake cha wakati. Saa ya umeme ambayo iliingia katika nyumba za watu wa kawaida ni ya namna nyingine kabisa, nayo tunadaiwa na Henry Warren.

Warren alizaliwa mwaka 1872, akasomea uhandisi wa umeme, na mwaka 1912 akaanzisha kampuni ya saa huko Ashland, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kwanza alitengeneza saa za betri, lakini betri ilipochoka saa nayo ilichoka. Ndipo alipoufikiria umeme unaokuja majumbani kwa waya. Umeme huo hauendi upande mmoja tu kama maji ya bomba. Huenda na kurudi, na huko Marekani hufanya hivyo mara 60 kila sekunde. Warren akatengeneza mota ndogo ambayo haiwezi kukimbia wala kusitasita, bali hufuata hatua kwa hatua mapigo hayo. Kisahani chake cha chuma huzunguka mara 3,600 kwa dakika, kikiwa kimefungwa ndani ya kopo dogo pamoja na mafuta na magurudumu ya meno yanayopunguza mwendo hadi ule wa mishale ya saa.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jambo lenyewe. Saa hii haina wakati wake. Haina pendulamu, haina kamani ya kutiwa ufunguo, haina chochote ndani yake kinachojua dakika ni kitu gani. Inahesabu tu mapigo inayoyapokea kutoka mbali. Ikitengwa na waya wake, haiwezi kufanya neno lolote. Nadhani mnaposikia hivi mmekwisha kuikumbuka sura ya kumi na tano ya Injili ya Yohane, juu ya mzabibu na matawi, wala sina haja ya kuongeza.

Basi, alipoichomeka saa yake Warren aliona haishiki wakati hata kidogo. Mota haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kituoni, ambako mitambo ya kuzalisha umeme ilizunguka leo upesi kidogo, kesho polepole kidogo, na hakuna aliyejali, maana taa huwaka vilevile. Warren hakuibadilisha saa. Alikwenda kwenye chanzo. Tarehe 23 Oktoba 1916 saa yake kuu ilifungwa katika kituo cha kampuni ya Edison ya Boston. Ilikuwa na mishale miwili juu ya uso mmoja: mmoja uliendeshwa na pendulamu sahihi, wa pili na mota iliyolishwa umeme wa kituo kilekile. Kazi ya mhudumu ilikuwa kuhakikisha mishale hiyo miwili inakwenda pamoja. Ule wa umeme ukibaki nyuma, aliongeza mwendo wa mitambo kidogo, ukitangulia, alipunguza. Vituo vingine vilifuata, na baada ya muda saa za majumbani zikawa zinakwenda sawasawa katika majimbo mengi ya Marekani.

Huyo mhudumu wa kituoni mimi humfikiria mara nyingi. Mama aliyechemsha mayai, mtoto aliyewahi shule, padre aliyevaa alba kwa ajili ya Misa ya asubuhi, wote walikwenda kwa uaminifu wa mtu ambaye hawakumjua jina, aliyekesha usiku akitazama mishale miwili. Kanisa liliwajua watu wa namna hiyo zamani sana, katika monasteri, ambako mmonaki mmoja alikabidhiwa kukesha ili wenzake waamshwe kwa sala ya usiku.

Saa za Warren ziliuzwa kwa jina la Telechron, na ndizo zinazopendwa na wakusanyaji wengi. Zilikuwa na sifa moja iliyowavutia wanunuzi: umeme ulipokatika zilisimama, na uliporudi zilianza zenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki, tunaojua kukatika kwa umeme na mgawo wake, tunaweza kuona mara moja hatari iliyojificha katika sifa hiyo. Umeme unakatika saa nane usiku, unarudi baada ya dakika 40. Asubuhi unaamka, saa inatembea, inanguruma kwa upole, mshale wa sekunde unazunguka kwa madaha, na yote inayokuambia ni uongo. Saa iliyosimama kabisa haimdanganyi mtu mzima. Inayodanganya ni ile iliyosimama, ikaendelea, ikanyamaza.

Warren aliliona hilo, na dawa yake ndiyo imenifanya niandike haya. Katika uso wa saa nyingi za Telechron kuna tundu dogo. Umeme ukikatika, hata kwa muda mfupi, alama nyekundu hujitokeza katika tundu hilo, na umeme ukirudi haiondoki. Saa inaendelea na kazi yake, lakini inabeba usoni pake ushahidi kwamba kuna wakati iliupoteza, mpaka aje mwenye nyumba, aulize wakati sahihi, airekebishe, ndipo wekundu uondoke. Saa haiwezi kujifutia alama hiyo yenyewe. Nimewahi kuwaeleza wakatekumeni maana ya kutafuta moyoni kabla ya Kitubio kwa maneno mengi ya kitabu, na sasa natamani ningekuwa na saa moja ya Telechron mezani.

Kulikuwa na mtu aliyechagua njia nyingine. Laurens Hammond, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1895 karibu na Chicago, alianzisha kampuni yake ya saa mwaka 1928. Mota ya Hammond haikuweza kuanza yenyewe. Ilibidi mtu azungushe kwa vidole kitufe kilicho nyuma ya saa, na umeme ulipokatika saa ilisimama na kubaki imesimama hata umeme uliporudi, mpaka mtu aje. Wakusanyaji hubishana kwa furaha ipi ni bora. Watetezi wa Hammond husema saa isiyo na hakika na inyamaze. Hoja yao ina uzito. Lakini mimi nikiulizwa nachagua ile ya Warren, kwa sababu nyumba yenye watoto haiwezi kusimama kumngoja fundi. Inapaswa kuendelea huku ikikiri.

Biashara ya Hammond ilitikiswa na mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na saa za bei rahisi zikajaa sokoni. Alijaribu hata kutengeneza meza ya karata inayogawa karata yenyewe. Kisha akageukia kitu ambacho waamini wanakifahamu zaidi kuliko saa zake. Aliichukua mota ileile ya saa, akaiunganisha na magurudumu madogo ya chuma zaidi ya 80, kila moja na meno yake, yakizunguka mbele ya sumaku zenye waya. Kila gurudumu lilitoa sauti yake, na kwa kuwa mota haipotoki katika mwendo wake, sauti nazo hazipotoki. Hataza ilitolewa mwaka 1934, na mwaka 1935 kinanda cha Hammond kikaanza kuuzwa. Hammond mwenyewe hakujua kupiga kinanda. Hata hivyo kampuni ilikuja kuliacha neno “saa” katika jina lake.

Makanisa yalikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo, kwani kinanda kikubwa cha mabomba kiligharimu fedha ambazo parokia ndogo haikuziota. Watengenezaji wa vinanda vya mabomba walikasirika, shauri likafika mbele ya tume ya biashara ya serikali ya Marekani, na majaribio ya kusikiliza yakafanyika katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago. Wataalamu walioketi kusikiliza walikosea mara kadhaa wasijue kipi ni kipi. Mwaka 1938 tume ikaikataza kampuni kudai kwamba chombo chake ni sawa na kinanda kikubwa cha mabomba. Kanisa Katoliki nalo halikukimbilia kukubali. Maelekezo ya Roma juu ya muziki mtakatifu ya mwaka 1958 yaliruhusu kinanda cha umeme kivumiliwe kwa muda tu, pale ambapo hakuna uwezo wa kupata cha mabomba, na kwa ruhusa ya askofu. Miaka mitano baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikisifu tena kinanda cha mabomba, ukaacha mlango wazi kwa vyombo vingine vinavyofaa, kwa kibali cha mamlaka husika. Wapiga kinanda wa parokia zetu wanaocheza vinanda vya umeme kila Dominika wamepita katika mlango huo. Kwenye vinanda vya Hammond vya miaka ile kulikuwa na swichi mbili, moja ya kuanzisha na moja ya kuendesha. Mpigaji alishikilia ya kwanza sekunde chache kabla ya kuwasha ya pili, kwa sababu mota ilikuwa ya ukoo wa saa ile isiyoweza kuanza yenyewe.

Kutegemea chanzo kuna gharama yake, kwani chanzo kikiyumba wote huyumba. Ulaya bara ilikumbushwa jambo hilo mwaka 2018. Wakati huo nchi 25, kutoka Ureno hadi Uturuki, zilikuwa zimeunganishwa katika gridi moja ya umeme ambayo hupiga mara 50 kwa sekunde. Kuanzia katikati ya Januari mwaka huo, kwa sababu ya ugomvi kati ya Serbia na Kosovo juu ya nani azalishe umeme wa eneo fulani, gridi ilipungukiwa nguvu kidogo, mapigo yakashuka kwa sehemu ndogo mno isiyoonekana katika taa yoyote. Lakini saa za meza na za jiko zilizohesabu mapigo hayo zilizidi kubaki nyuma, na ilipofika mwanzoni mwa Machi zilikuwa zimepoteza karibu dakika sita. Watu wa mbali, ambao hata hawakujua kwamba majirani wawili hawaelewani, walichelewa kazini. Ilichukua hadi mwanzoni mwa Aprili kuurudisha wakati huo, kwa kuyaharakisha mapigo kidogokidogo.

Kwa anayetaka kuonja ukusanyaji huu huku kwetu, yapo mambo machache ya kujua. Umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, kama wa Ulaya, na nguvu yake ni karibu maradufu ya ule wa Marekani. Saa ya Telechron ikichomekwa moja kwa moja ukutani itaungua. Ikiwekewa transfoma itakwenda salama, lakini transfoma hubadili nguvu tu, haibadili mapigo. Kwa hiyo katika saa nzima mishale itasogea dakika 50 tu, na kufikia adhuhuri ya siku ya pili hakuna atakayeiamini. Wakazi wa kusini mwa California waliyajua hayo kwa njia ya kinyume, pale umeme wa maeneo yao ulipohamishwa kutoka mapigo 50 kwenda 60, kazi iliyokamilika mwaka 1948: saa zao zilibidi zifanyiwe marekebisho, la sivyo zingekimbia. Saa za Kiingereza, kama zile za Smiths, hazina shida hiyo kwetu.

Uso wa saa hizo zote, bila shaka, umeandikwa kwa hesabu ya Kizungu. Sisi huzisoma na kugeuza, maana saa yetu ya kwanza ni ile inayofuata mapambazuko. Msione haya kwa hesabu hiyo. Wafanyakazi wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja (Mt 20:1-16) waliajiriwa kwa hesabu hiihii, na Bwana wetu alikata roho saa tisa, bila mtu wa Kiswahili kuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Na kama katika stoo ya parokia, au kwa bibi, ipo saa kuukuu yenye waya uliovikwa kitambaa, msiitupe, wala msiichomeke kwa pupa. Kitambaa na mpira wa ndani huoza kwa miaka, na waya mtupu huua. Mpelekeeni fundi umeme abadilishe waya na plagi kwanza. Ikiwa namba zake zimepakwa rangi ile ya kung'aa gizani, msiikwangue kabisa, hata kama haing'ai tena: saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, ambayo mng'ao wake huisha lakini mionzi yake hubaki kwa karne nyingi. Ikiwa mota inapiga kelele, mara nyingi ni mafuta yaliyokauka ndani ya kopo lile dogo, na mafundi wenye subira hulipasha joto na kuliongeza mafuta. Baada ya hapo wekeni mishale, na mtazame kama pana tundu dogo usoni pake.